Mlinzi wa Chemba

Machi 2

Shemeji amekula kwangu leo mpaka sahani ikawa haihitaji kuoshwa, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaniambia mbele ya wanangu kwamba kazi ya mlinzi ni kulala ukiwa umevaa sare. "Mwisho wa mwezi unalipwa kwa ndoto ulizoota," akasema. Mke wangu akacheka. Kwamba kaka yake anajua kuchekesha sikatai, lakini mchekeshaji wa nyumba hii ni mimi, na siwezi kudharauliwa kazi mbili kwa mlo mmoja.

Ndiyo maana naandika. Daftari ni la binti yangu, kurasa za nyuma alizoziacha mwalimu wake wa hesabu alipohamishwa. Mimi shule niliiacha ikiwa ndiyo kwanza inaanza kunoga, lakini ya dunia nimeyaona. Nimepika melini, nimekuwa utingo wa lori la masafa, nimeuza miwani ya jua katika mji ambao haukosi mawingu, nimeagana na wanawake kwa lugha nne. Mtu kama mimi akikaa getini, hakukaa kwa kukosa akili. Amekaa kwa sababu magoti yamechoka na watoto wanasoma.

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaodhani. Silali. Nafanya zamu ya mchana na mwenzangu mmoja, mwanamke, tunamwita Mama Pacha kwa ajili ya mapacha wake. Wa usiku wana habari zao. Sisi tunafungua geti, tunalifunga, tunalifungua tena. Jengo ni la ghorofa nne, limepakwa rangi ya maziwa yaliyoganda, na kwenye ubao wa nje wameandika kwamba ni makazi ya kifahari. Ufahari wenyewe nitaueleza mvua zikianza, maana hapo ndipo unaponuka.

Machi 5

Jua kali. Hakuna kilichotokea. Nimeitwa "wewe" kutwa nzima, mpaka nikaanza kuitika.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Mgeni mmoja kanipita getini, kanitazama kiunoni, kaniuliza, "Bunduki yako umeiweka wapi?"

"Iko kwa fundi," nikamwambia. Akaridhika, akapanda ngazi akijiona salama.

Nina rungu lenye ufa, na tochi ambayo betri zake ni mali ya zamu ya usiku. Watu hudhani tumefundishwa kupigana. Tulifundishwa uwanjani, jua la utosini, kupiga saluti na kusimama wima, na kanuni moja tuliimbishwa mpaka tukaiota: geti haliachwi. Nyumba iungue, mtu aanguke, mama yako mzazi apite analia, geti haliachwi. Wengine hudhani naweza kumkamata mtu. Sina mamlaka ya kumkamata hata kuku wa jirani.

Jioni kaja mama wa ghorofa ya tatu. Tunamwita Mama Honi. Huyu honi haipigi, anailalia. Nilikuwa nimeshika komeo tayari, bado akaishikilia tu.

"Umefia humo ndani?"

Bado, mama, nakusubiri utangulie. Hilo nililisema moyoni. Kwa sauti nilisema, "Karibu, mama," nikalowa mpaka kwenye soksi nikimfungulia.

Si kama Mhadhiri wa ghorofa ya pili, yule anayefundisha chuo kikuu. Yeye hushusha kioo hata kama mvua inaingia, ananiita ndugu yangu, ananiuliza habari za nyumbani na anasubiri jibu. Huyo ndiye mtu. Nikimfungulia geti, mgongo unanyooka wenyewe.

Machi 15

Hili nikilisema watu wanadhani nawatania. Jengo lina choo katika kila nyumba, nyingine vyoo viwili, na mlinzi wa jengo hilo hana choo. Tumekatazwa. Meneja wa jengo alisema wapangaji hawapendi kuchangia. Huwa tunapokezana kuvuka barabara kwenda gereji, kwenye choo cha mafundi ambacho mlango wake ni gunia. Mama Pacha hanywi maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda. Midomo yake mchana inakuwa mikavu kama ya mtu aliyefunga, naye anatabasamu, anafungua geti.

Sasa leo chemba ya maji taka iliyo nyuma ya jengo imeanza kutoa povu pembeni mwa mfuniko. Mvua imeijaza kutoka chini. Harufu imezunguka ukuta, ikaja kukaa nasi kibandani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne kapita kashika pua. "Hawa walinzi wanajisaidia nyuma ya ukuta," akamwambia mwenzake, mimi nikiwa karibu kiasi kwamba mate yake yalinifikia.

"Kamanda," Mama Pacha akaninong'oneza. Kamanda ndilo jina langu hapa. Nilijipa mwenyewe, na mtu mwenye heshima zake analitumia. "Kamanda, choo ni chao, uchafu ni wao, harufu ndiyo wametupa sisi."

Machi 20

Kwa sababu doria ya nyuma ni yangu, leo nimeona vilivyopanda juu. Meneja hataki Mama Pacha akae nyuma. Anasema mwanamke akisimama mbele jengo linaonekana la heshima, kama vile yeye ni chungu cha maua. Basi nyuma ni mimi na nzi.

Nimeona nepi za mtoto, zimevimba kama mito ya kulalia. Mabaki ya chakula, sufuria nzima. Wigi jeusi, refu, limetandazwa vizuri juu ya povu. Nilisimama nikiliangalia nikihofu kwamba chini yake kuna mtu. Nimekaa bahari kuu na watu wasiooga, nimelala kwenye lori lililobeba ngozi mbichi, na mimi nasema sijawahi kukutana na uchafu wa watu wanaonukia vizuri hivi.

Meneja kaja na kitambaa puani. Manukato yake hufika kabla yake na kuondoka baada yake. Leo hata hayo yalishindwa. "Gari la kunyonya litakuja," akasema. "Kwa sasa, mtu akiuliza, mwambieni ni mtaro wa jirani."

Ndiyo kazi nyingine ya mlinzi wasiyoijua. Kusingizia majirani.

Machi 21

Mvua. Gari la kunyonya halijaja.

Machi 22

Vilevile.

Machi 28

Meneja kanivuta nyuma ya jengo leo, mkono begani kwangu, sauti ya chini.

"Mzee, wewe ni mtu uliyetembea. Mambo unayaelewa."

Nakiri, akianza hivyo mtu yeyote, mimi nishalainika.

Akanionyesha kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukijali. Pembeni mwa chemba limepita bomba nene, linatoboa ukuta, linatokea kwenye mfereji wa uchochoro. Mdomo wake wa huku ndani umezibwa kwa kizibo cha chuma, kimekazwa kwa bolti. "Siku ikinyesha kubwa," akasema, "unalegeza hapa, tunaitapisha kidogo. Mvua inaosha, hakuna anayejua. Majengo yote ya juu huku yanafanya hivyo. Gari la kunyonya la nini?"

Akanipa spana, niitundike kibandani. Halafu akasema kampuni inatafuta kiongozi wa zamu, na kwamba yeye akimtaja mtu, wanamsikiliza.

Nikasema, "Sawa, bosi." Neno hilo limenitoka kama cheuo.

Mfereji ule naujua unakokwenda. Unashuka nyuma ya duka la mkaa, unapinda, unafika bondeni, kwenye vyumba vya kupanga vilivyobanana ambavyo uwanja wake ndio mwisho wa mfereji. Mama Pacha anaishi pale, chumba cha mwanzo. Niliwahi kumsindikiza alipopata mafua, nikanywa maji yake, nikachezeshwa mpira wa matambara na mapacha wakanifunga mabao.

Sijamwambia. Nimerudi getini, akaniuliza Meneja alitaka nini. Nikasema anataka nifyeke majani.

Aprili 2

Imenyesha asubuhi, kubwa ya kutisha. Meneja kapiga simu: "Vipi, umelegeza?"

"Bolti imeshika kutu, bosi. Nimejikaza mpaka mshipa wa shingo umetoka."

Uongo. Sijaigusa. Nilikuwa nimesimama kibandani nikiitazama spana, spana ikinitazama. "Sawa tu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesaga meno. Nikajiona shujaa. Nilivyotembea baada ya hapo ungedhani nimezuia vita.

Mke wangu nimemweleza usiku. Akaniuliza kwa nini sijamwambia Mama Pacha, mwenye chumba chake kule bondeni. Nikamwambia siku ikifika nitakataa tena, sasa nimtie mtu wasiwasi wa nini? Akageukia ukutani. "Unakipenda hicho cheo," akasema.

Aprili 6

Mama Pacha kachelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sare imekunjamana, viatu mkononi. Nikamtania kwamba mume amerudi. Hana mume, kwa hiyo huwa anacheka. Leo kacheka nusu.

"Jana wametufungulia," akasema. "Jengo fulani huku juu. Sijui lipi."

"Wamewafungulia nini?"

"Kamanda, unajifanya mtoto? Vinakuja na mvua. Nimepandisha kitanda juu ya matofali, watoto nimewaweka mezani. Mmoja anaharisha tangu Jumapili." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kuvaa kiatu polepole. "Sisi kule chini tunajua mlichokula huku juu. Tunajua nani alikuwa na sherehe. Juzi ilikuja harusi nzima, mpaka vijiti vya meno."

Nikacheka, kwa sababu alisema kwa namna ya kuchekesha. Halafu kicheko kikaniganda mdomoni.

"Hii yetu haifunguliwi, sivyo?" akauliza. "Wewe ndiye uko nyuma. Ungeona."

"Haifunguliwi," nikasema. "Nikiwa hapa mimi, haifunguliwi."

Akanishika mkono. "Nilijua. Nimewaambia majirani zangu: jengo letu hapana, pale kuna kaka yangu."

Ningeweza kumwambia hapohapo. Nafasi ilikuwa kubwa ya kupitisha lori. Nilichofanya, nilimpa nusu ya chakula changu nikasema ampelekee mtoto. Najijua: nikiona haya, nagawa chakula.

Aprili 8

Mhadhiri kanipa mwavuli wake wa zamani. Mtu mwema sana.

Aprili 13

Mkono unanuka, kalamu inanuka, karatasi hii inanuka. Nimeoga mara tatu na mke wangu amenitandikia mkeka mlangoni. Naandika kabla sijaanza kuyapamba, maana kesho nitayapamba, najijua.

Mvua ilianza kabla ya chakula cha mchana, ile inayoshuka kama mtu anayemwaga beseni. Uwanja wa nyuma ukajaa. Meneja akafika na mwavuli mkubwa na viatu vya mpira vipya, vya manjano.

"Wewe kaa getini," akaniambia. "Mama, njoo unisaidie uani. Maji ya mvua yamejaa, tuyafungulie yatoke."

Nitaandika ilivyokuwa: nilifurahi. Nilifurahi kwamba hakuniita mimi. Nikasema moyoni, ameacha ule mpango wake. Ndipo nikamwona anavyotembea, kwapa moja limebana kitu. Nikaangalia msumari wa kibandani. Spana haipo.

Wangapi wangekimbia hapohapo? Wote mnaosoma, bila shaka, mko pakavu. Mimi mkono ulikuwa kwenye komeo, na kichwani ulikuwa wimbo wa uwanjani. Geti haliachwi. Nikajiambia Mama Pacha ana akili, ataona, atakataa. Lakini angeonaje? Nyuma hajawahi kupelekwa. Bomba halijui. Aliyelijua ni mimi, nami nilimwambia ni habari ya majani. Nimevuka bahari, jamani, nikashindwa kuvuka maegesho ya magari.

Halafu harufu ikaja. Haikuja kama siku nyingine, ilikuja na uzito, kama mlango umefunguliwa. Nikaliacha geti likiwa wazi, nikakimbia.

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye maji, spana mkononi. Kizibo kilikuwa kimeruka. Kilichokuwa kikiingia kwenye lile bomba kilikuwa kizito, cha kahawia, kina sauti, kinakoroma. Meneja alikuwa juu ya tofali, kitambaa puani.

"Bosi," Mama Pacha alikuwa akisema, kwa adabu, kama mtu anayedhani bosi amekosea kidogo. "Bosi, hii si ya mvua."

"Ikichanganyika yote ni maji," Meneja akasema.

Mama Pacha akaniona. "Kamanda, hili bomba linatokea wapi?"

Nikaangalia ukuta.

"Linatokea nyuma ya duka la mkaa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akainuka. Hakupiga kelele. Aliitazama spana mkononi mwake kama mtu aliyeamka akaona ameshika kitu cha mwingine, akaiachia, akakimbia. Alipita kwenye geti nililoliacha wazi, na viatu vyake vya kazi vikabaki kwenye tope, kimoja hapa, kimoja kule. Mapacha walikuwa nyumbani peke yao.

Nikakirukia kizibo. Nguvu ninazo, siringi bure, lakini kile kitu kinasukuma. Bolti nazo zilishapotea chini. Nikavua koti la kampuni, nikalisokomeza. Bomba likalimeza kama kidonge. Nikasokomeza shati. Nikaita juu, "Jamani, leteni matambara, leteni godoro, chochote!"

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Mhadhiri, na kikombe mkononi.

"Mwalimu, nisaidie. Kuna watu kule chini."

"Ndugu yangu," akasema, taratibu, sauti yake ileile nzuri, "usijichoshe. Mvua itaosha." Akafunga dirisha kwa sababu ya harufu.

Mimi mambo yale yote niliyokuwa nimezama ndani yake mpaka magotini hayakunichefua kama mlio wa lile dirisha likifungwa.

Aliyeshuka alikuwa Mama Honi. Peku, gauni la kazini, zulia la sebuleni kwake limeviringishwa begani kama mpagazi. "Pisha, mjinga wewe," akaniambia. "Unasukuma kama unambembeleza mtoto." Tukalisukuma pamoja. Akatapika, upande wangu, begani. Akajifuta kwa mkono ambao haukuwa safi kuliko mdomo, akaendelea kusukuma na kunitukana: ukoo wangu, sare yangu, kampuni yangu. Nilidhani wanawake nimeshawaona. Sikuwa nimeona kitu.

Zulia likashika. Chemba ikakosa pa kwenda ikageuka, ikajaza uwanja, ikapanda mpaka kwenye maegesho, ikakaa chini ya magari yao yote mazuri. Angalau hicho kilichobaki kilibaki kwa wenyewe.

Meneja alikuwa bado juu ya tofali, viatu vyake vya manjano vikiwa visafi. "Umeliacha geti," akaniambia.

Aprili 14

Wamekuja wote leo, tumesimama maegesho kwenye madimbwi. Bwana afya kaja kwa sababu Mama Honi alimpigia simu usiku mzima mpaka akapokea. Msimamizi wa kampuni yetu ya ulinzi kaja kwa sababu Meneja alimwita. Mama Pacha kaja kwa sababu asingekuja ingehesabiwa ametoroka. Watoto aliwakuta salama, wamepanda juu ya meza na jirani, lakini chumba chake kimeingia vitu mpaka juu ya matofali ya kitanda. Alikuwa amevaa sare mbichi na ndara za kuazima. Hakunitazama.

Meneja akaanza. "Hawa walinzi walichoshwa na harufu wakafungua wenyewe, bila ruhusa. Mimi sikuwepo."

Bwana afya akatikisa kichwa kwa upole, akanitazama kama mtu aliyesikia kitu alichokitarajia. Ndivyo wanavyodhani: panya akifa dukani, mlinzi, taa ikipotea, mlinzi, na kinyesi kikitembea, basi mlinzi kakitembeza.

"Hukuwepo?" Mama Honi akapaza sauti toka kwenye ngazi. "Na yule aliyesimama kwenye tofali na mwavuli kama sanamu ya benki, ni pacha wako? Nilikuona kwa macho yangu. Viatu vya manjano, mwanamume mzima."

Mhadhiri naye aliulizwa. Akasafisha koo. "Kwa kweli sikuona chochote cha kuweza kuthibitisha." Alisema kwa ufasaha sana. Ule mwavuli wake nimeshautupa.

Bwana afya akawaandikia faini, akaamuru gari la kunyonya lije leo, na bomba lizibwe kwa saruji. La jengo likaisha. Ndipo msimamizi wetu akatugeukia sisi wawili.

"Sasa la kampuni. Spana ilishikwa na nani? Huyo hafanyi kazi kwetu tena, wala kampuni nyingine. Picha yake tutaisambaza kote."

Meneja alijua, lakini alikwisha kusema hakuwepo. Amekwama mdomo wazi. Mama Pacha akavuta pumzi. Niliiona kauli ikimpanda kooni, ya kweli yote, na nyuma yake nikaona chumba chake, mapacha, kitanda, kila kitu kinategemea ile sare mbichi.

"Mimi," nikasema.

Nikaona haitoshi, ikanibidi niringe kidogo. "Nani mwingine? Angalia mikono hii. Nimefungua injini za meli. Huyu mama hata kopo la maziwa anamwita jirani. Meneja aliniamuru, nikafungua. Na ruhusa ya kukimbilia watoto nilimpa mimi, na geti nimeliacha mimi. Kuna kingine? Niongezeni, nina nafasi."

Msimamizi akamwuliza Mama Honi aliona nani kaishika. Mama Honi alinitazama kwa muda, halafu akamtazama Mama Pacha na ndara zake.

"Huyuhuyu," akasema. "Hamwoni hata sura yake ilivyo ya kufungua machemba?"

Nimerudisha mkanda, kofia, rungu na ufa wake. Koti nimewaambia walifuate kwenye bomba.

Aprili 15

Shemeji amesikia. Kaja, kakaa, hakuleta mzaha hata mmoja, akaniuliza tu kama kweli nilifungua. Nikamwambia kweli. Ameondoka bila kula.

Aprili 17

Jua limetoka. Nimeazima beleshi kwa mafundi wa gereji, nikashuka bondeni.

Sitaeleza uwanja ule ulivyokuwa. Nina maneno, nimeyachagua mengi njiani, lakini mengine yanapunguza. Nitasema tu magodoro yalikuwa juu ya mabati, yote, yamechoreka ramani, na kina mama walikuwa wanachota kwa sahani.

Mama Pacha alikuwa mlangoni kwake, gauni limefungwa kiunoni. Zamu anarudi Jumatatu, wamembakiza. Akaniona, akaendelea kuchota.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na spana tayari."

Akaweka sahani chini. "Ungeniambia tu, Kamanda. Neno moja. Ningemtupia mwenyewe spana yake usoni. Badala yake nimepiga magoti, nimefungua, namwambia bosi, hivi, au hivi?" Mikono yake ilikuwa inaonyesha namna alivyozungusha. "Umeniacha nimwagie wanangu kwa mkono wangu."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, haukuwepo. Nikaanza kuchota kwa beleshi pale kwenye miguu ya kitanda.

Majirani wakaanza kusogea. Habari hushuka haraka kuliko mfereji. "Ndiye huyu," mmoja akasema. "Ndiye aliyetufungulia." Bibi mmoja wa chumba cha pili, ambaye godoro lake ndilo lililokuwa baya kuliko yote, akaja mpaka karibu yangu. Hakuwa na nguvu ya kunipiga. Akanitukana, polepole, kwa pumzi fupi, tusi ambalo siliandiki kwenye daftari la binti yangu, akamalizia: "Mlinzi gani wewe? Wa nani?"

"Bibi," Mama Pacha akasema, "bibi, sikiliza, si yeye aliye—"

"Mama Pacha," nikamkata, "lete ndoo."

Akanielewa. Neno likisemwa pale uwanjani, Jumatatu lishafika kwa msimamizi wa kampuni. Akafunga mdomo, na uso wake ukaumia kuliko aliponigombeza. Tusi la bibi, nusu yake lilikuwa halali yangu kabisa. Nusu nyingine nikaipokea kwa niaba ya mwenyewe, aliyekuwa pembeni yangu, nikainamisha kichwa kwa zote mbili.

Bibi akaenda zake. Mama Pacha akaleta ndoo, akachuchumaa mbele yangu, akaishikilia kwa mikono miwili. Nikaweka kidogo, isimlemee.

"Jaza," akasema, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. "Spana niliishika mimi."

Nikajaza.